Ripoti Niliyoisoma kwa Sauti

Siwezi kuisahau, mwanangu, asubuhi niliyopigiwa simu na mzee mmoja kutoka Kisumu, akaniuliza swali, nami nikamjibu haraka mno. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Leo nimepita sitini, na bado kuna siku nikijilaza kidogo mchana huota nimeushika ule mkono wa simu, namwambia, "Rudia tena mzee, sikukusikia vizuri."

Juzi ulipanda ngazi zote hizi za hapa mtaa wa Pipeline mpaka ghorofa ya sita kunionyesha barua yako ya kazi. Ulikuwa unahema na kucheka kwa wakati mmoja. Mhandisi wa mauzo, imeandikwa, upande wa mitambo ya meli. Mama yako, jirani yangu wa kule chini, anawaambia wateja wake kwamba umekuwa nahodha. Mwache afurahi, hajakosea sana. Nilikupa chai, nikakupongeza, tukacheka, lakini lile hasa nililotaka kukwambia halikunitoka mdomoni. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu. Mimi huwa mkweli zaidi nikiwa peke yangu.

Kazi yako mpya ndiyo iliyokuwa yangu. Wengi hapa mtaani hawajui. Wananiita Injinia, na vijana wa pale chini kwenye duka la maji hunisalimia, "Niaje, Inji!" lakini wakiniuliza nilikuwa injinia wa nini nikasema wa meli, wao huangua kicheko. Meli gani Nairobi? Nami huwaambia mitambo ya meli huuzwa zilipo ofisi, na ofisi yetu ilikuwa Eneo la Viwanda, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Makadara.

Baba yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli. Wazee wake walitoka pwani, yeye akazaliwa na kukulia huku, kwenye nyumba za reli za Muthurwa. Alinifundisha kusikiliza injini kabla ya kunifundisha kuendesha baiskeli. Alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, tukabaki wawili, mimi na mama, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo jioni ilikuwa kimya kupita kiasi.

Nilipoajiriwa, nilikuwa mwanamke wa kwanza katika idara ile. Kazi yenyewe nilidhani ni ya vyuma, kumbe ni ya watu. Unakwenda kwa mwenye chombo, unamsikiliza shida yake, unapiga hesabu za nguvu ya injini, unamchagulia mtambo unaomfaa, kisha unasimama nyuma ya neno lako mtambo ukishafungwa. Nilisafiri sana, Mombasa, Kisumu, mara nyingine Tanga na Mwanza. Vyumba vya wageni vya miji yote hiyo navijua. Kitanda, meza, kioo, na sahani moja ya chakula unayoila ukiitazama ukuta. Wanaume tuliokuwa nao kazini walikuwa wakifika mji wowote wanapata wenzao wa kukaa nao barazani. Mimi nikikaa pale nilionekana natafuta jambo, kwa hiyo nilikuwa nafunga mlango.

Na kwenye gati watu walikuwa na maneno. "Bosi wako yuko wapi?" ndilo swali nililolipata kila mahali. Siku moja huko Kisumu niliteleza kwenye ubao wa kupandia chomboni, nikaanguka kwa magoti, makaratasi yangu yakatawanyika majini, na watu kama ishirini wakacheka. Sikuumia. Lakini nakwambia ukweli, tangu siku ile kila nilipotajiwa Kisumu, magoti yangu yalikumbuka kabla yangu.

Basi nikajitengenezea ngao. Ngao yangu ilikuwa kujibu haraka. Mtu akiuliza, mimi nina jibu, na nikikosa kwenye kichwa ninalo kwenye katalogi. Neno "sijui" nililiogopa kama ugonjwa. Nilijiambia, mwanamume akisema hajui, watasema ni mwangalifu, lakini mimi nikisema sijui, watasema tulijua tu. Na huenda nilikuwa sawa kuhusu watu. Nilikosea kuhusu injini.

Nyuma ya ofisi yetu kulikuwa na karakana ndogo, na ndani yake alikaa Fundi Mutiso. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye maisha yake yote alikuwa amefungua na kufunga injini za vyombo vya majini. Hakuna swali ambalo asingekuwa na lolote la kusema juu yake. Nilipita mbele ya mlango wake kila siku kwa miaka minne. Nilimsalimia. Sikumuuliza kitu.

Sasa ile simu. Mpigaji alikuwa Mzee Okumu, fundi mkuu wa chombo kimoja cha mizigo kilichokuwa kinapeleka saruji, mabati na soda visiwani, kule ziwani. Mwenye chombo alikuwa amekubali kununua injini mpya kutoka kwetu. Mzee ndiye angeishi nayo chini ya sitaha, kwa hiyo alitaka kujua.

"Binti," alisema, "hii injini inavuta maji ya ziwa ya kujipoza. Huku kwetu kuna magugumaji. Yakija yanafunika kila kitu, unaweza kudhani ni shamba. Hilo chujio lenu dogo litaweza?"

Laini ilikuwa mbaya, lakini sio mbaya hivyo. Nilifungua katalogi, nikaona kipimo cha chujio, nikaona mtambo ulijaribiwa baharini, nikasema, "Litatosha, mzee. Limejaribiwa kwenye hali ngumu zaidi."

"Njoo uone kwanza," akasema. "Njoo siku magugu yako hapa, ushuke nami chini. Kisha uniambie tena hivyo hivyo."

Nilimwambia nina safari ya Mombasa. Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa na safari ya Mombasa. Lakini ilikuwa ya siku mbili tu, mwanangu, na injini ilikuwa bado haijafika nchini. Sikwenda kwa sababu ya ule ubao na vile vicheko.

Injini ikafika, mafundi wakaifunga, nikaenda siku moja tu ya kuikabidhi. Upepo ulikuwa umeyasukuma magugu ng'ambo, maji yalikuwa meupe. Injini ilinguruma vizuri, mwenye chombo akanishika mkono, tukapigwa picha. Mzee Okumu nilimwona pale kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu, amekonda, ameshika kitambaa cha kufutia mafuta. Aliniuliza tena, kwa upole, "Na siku ya magugu?"

"Kuna kipimo cha joto, mzee. Kitakuonya."

"Kitanionya," akasema.

Ilipita miezi mitatu. Siku ya Jumatano, asubuhi, meneja wetu aliniita ofisini mwake akafunga mlango. Chombo kilikuwa kimetoka na watu watano na shehena ya saruji. Walipofika katikati ya safari magugu yakawazunguka. Chujio likaziba, Mzee akalisafisha, likaziba tena kabla hajapanda ngazi. Joto likapanda mpaka wakalazimika kuzima injini. Upepo ukaanza kuwasukuma kwenye miamba ya kisiwa kimoja.

Kila fundi anajua kwamba injini iliyochemka huifungui mpaka ipoe. Mzee Okumu alijua kuliko wengi. Lakini kusubiri ipoe ni saa nzima, na miamba haikuwa mbali kiasi hicho. Akafungua kifuniko cha tangi la maji ya kupozea. Mvuke ukamlipukia mkono wa kulia wote, mpaka shingoni. Kwa mkono mwingine alimimina maji, akaamuru injini iwashwe. Ikawaka. Ikazunguka dakika chache tu, zilizotosha kugeuza chombo kiipite miamba, halafu ikafa kabisa. Walielea siku ile yote, na usiku wake, na nusu ya siku ya pili, mpaka wavuvi walipowaona wakawavuta. Wote walikuwa hai. Yeye alipelekwa hospitali akiwa hajitambui.

Nilisimama mbele ya meza ya meneja. Nilidhani atanilaumu. Badala yake alinisogezea kiti, akazungumza taratibu kama daktari. Waliotengeneza injini wanataka ripoti. Mwenye chombo anataka ripoti. Je, chujio lilikuwa safi walipoikagua injini?

"Hapana," nikasema. "Lilikuwa limeziba."

"Na kitabu cha maelekezo kinasema nini?"

"Kwamba lisafishwe kila linapoziba."

"Basi andika hivyo," akasema. "Andika kilichokutwa tu."

Nikaandika. Niliandika kwamba chujio halikusafishwa inavyotakiwa. Niliandika kwamba fundi mkuu, kwa uzembe, alifungua tangi kinyume cha maelekezo ya usalama. Kila sentensi ilikuwa na ushahidi wake, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Sikuandika kwamba kwenye magugu yale chujio lile lingehitaji mtu wa kulisafisha kila baada ya dakika chache, mchana kutwa. Sikuandika kwamba mzee aliniuliza mara mbili. Sikuandika miamba. Nikatia sahihi, nikaandika cheo changu chini yake, nikaona cheo kimependeza.

Wiki iliyofuata nikasikia kwamba Mzee Okumu ameachishwa kazi, angali kitandani hospitalini, kwa sababu ya ripoti ya mtaalamu. Mtaalamu ni mimi.

Watu hufikiri mtu mwenye kosa hujificha wasimwone. Mimi nilikuwa kati ya watu kila siku. Ofisini walinifanyia wema wa ajabu, meneja akanipa safari nzuri, wenzangu wakaanza kuniita tukanywe chai pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Nami nikawa nakaa nao, nacheka wanapocheka, na nasikia sauti yangu kama inatoka chumba cha jirani. Jioni nikirudi mama alikuwa ananitengea chakula. Nilikula matonge mawili. "Unaumwa?" angeniuliza. "Nimechoka tu, mama." Angekaa pale akinitazama, kisha angeondoa sahani bila neno. Tulikuwa watu wawili katika nyumba moja, na nilimwacha peke yake ndani yake, kwa sababu ningesema jambo moja la kweli, mengine yote yangefuata.

Hospitali sikwenda. Nilinunua tikiti mara moja, nikaenda mpaka kituoni, nikarudi nyumbani.

Alikuja yeye. Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Mama alikuwa uani, nikasikia anamkaribisha mtu, kisha akaniita kwa ile sauti yake ya wageni. Nilipotoka chumbani nikamwona Mzee Okumu ameketi kwenye kiti cha marehemu baba, koti limewekwa begani kwa sababu mkono wa kulia, uliofungwa bandeji, haukuweza kuingia kwenye mkono wa koti. Upande mmoja wa shingo ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga.

"Fundi mmoja wa ofisini kwenu ndiye aliyenielekeza," akasema. "Nilimkuta anafunga geti."

Mama hakujua ni nani. Aliona mgeni wa mbali mwenye maumivu, akafanya anachokijua. Alileta chai, akaleta chapati na mbaazi, na alipoona mgeni anahangaika na mkono wa kushoto, akazikata chapati vipande vidogo bila kuuliza, akasogeza sahani karibu naye. Mzee alikula vizuri. Alimshukuru. Kisha akatoa kwenye mfuko wa ndani karatasi zilizokunjwa mara nne, akazinyoosha juu ya meza.

"Nina shida ndogo," akaniambia. "Hii waliniletea hospitali. Kiingereza cha ofisini kinanipita. Kijana wangu alianza kunisomea, akalia, akaacha. Nikasema, nitampelekea aliyeandika. Nisomee, binti yangu. Kwa Kiswahili, polepole, nielewe."

Mama alikuwa bado amesimama na birika. Akaliweka chini, akaketi.

Nilisoma. Mistari ya kwanza ilikuwa jina la chombo na aina ya injini, hiyo nilisoma vizuri. Halafu nikafika pale. Nikasema, "Fundi mkuu hakusafisha chujio," nikaishia hapo.

"Endelea," akasema.

"Hakusafisha chujio inavyotakiwa. Na pia, kwa uzembe, alifungua tangi..."

"Uzembe ni nini hapo? Umeandika neno gani?"

Nikamwambia neno lenyewe la Kiingereza. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejifunza jina la mtaa mgeni. Nikasoma mpaka mwisho, mpaka jina langu na cheo changu. Nje watoto walikuwa wanacheza mchezo wa kati, wanahesabiana kwa kelele.

"Asante," akasema Mzee Okumu. Alizikunja karatasi kwa mkono mmoja, kazi iliyomchukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Mimi sikuja kugombana nawe. Mkono ni mkono, utapona utakavyopona. Nimekaa chini ya sitaha miaka ishirini na sita. Nilitaka tu kujua kama aliyeandika haya alikuwa ananizungumzia mimi, kwa sababu mimi huyu mtu wa humu simjui."

"Nikuulize moja," akaendelea. "Nilipokupigia simu. Ulikuwa unajua, au ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kunitoka tangu niajiriwe.

"Si ungesema tu?" Sauti yake ilikuwa ya kushangaa, haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Hata mimi nilikuwa sijui. Ndiyo maana nilipiga simu. Tungekuwa wawili wasiojua, tungekaa chini tukatafuta. Wewe ukaniacha peke yangu na lile jambo, nawe ukabaki peke yako na jibu lako."

Aliinuka. Mama alimfungia chapati zilizobaki kwenye karatasi, akamtilia mfukoni, akamsindikiza mpaka barabarani mwenyewe. Mimi hakuniita. Aliporudi alikusanya vyombo, akaviosha, akapika, tukala, na hakunisemesha. Mama yangu hakuwa mtu wa kunifokea, na siku ile nilitamani anifokee. Alipokuwa anakwenda kulala alisimama mlangoni akasema, "Jumatatu si mbali." Akaingia chumbani kwake.

Jumatatu asubuhi sikwenda kwenye meza yangu. Nilikwenda moja kwa moja karakana. Fundi Mutiso alikuwa anafuta bolti.

"Fundi," nikasema, "kuna jambo silijui. Nataka unifundishe."

Alinitazama juu ya ile miwani. Nikamweleza magugu, chujio, simu, kila kitu. Alichukua chaki, akachora sakafuni. Machujio mawili badala ya moja, na bomba la kugeuza katikati, ili moja likisafishwa jingine lifanye kazi. Mdomo wa kuvutia maji ushushwe chini zaidi, mizizi ya magugu isiufikie. Ilimchukua labda dakika kumi. Dakika kumi, mwanangu.

"Mbona hukuja mapema?" akaniuliza.

"Niliogopa utanicheka."

Akaisugua ile chaki vidoleni. "Mimi niko nyuma ya huu mlango tangu kabla hujaanza kazi," akasema. "Mnaniuliza funguo za stoo tu. Ungekuja, ningefurahi."

Niliandika ripoti ya pili siku hiyohiyo. Niliandika simu, niliandika swali lake na jibu langu, niliandika miamba, na kwamba watu watano wako hai kwa sababu fundi mkuu alichagua kuungua. Nikaweka na mchoro wa Mutiso, na jina la Mutiso. Nikaituma kwa mwenye chombo na kwa waliotengeneza injini, kisha ndipo nikampelekea meneja nakala. Alisoma ukurasa mmoja tu. Sitakwambia aliyoyasema. Hakunifukuza, kwa kuwa kunifukuza kungezua maswali, ila aliniondoa kwenye safari akaniweka kaunta ya vipuri, nikawa nahesabu mipira na nati. Ile chai ya pamoja ikaisha. Nilikuwa nikiingia jikoni, mazungumzo yanasimama mpaka nitoke. Hali hiyo ilidumu mwaka na nusu. Usiamini wanaosema ukweli unampa mtu wepesi hapohapo. Mimi ulinipa usingizi, hilo sikatai. Lakini mchana ulikuwa mrefu sana.

Mzee Okumu alisafishwa jina. Mwenye chombo alimwandikia barua ya kumwomba radhi na kumrudisha kazini. Lakini vidole vitatu vya mkono wake havikukunjika tena, na fundi asiyeweza kushika spana ni vigumu kumpa injini. Alirudi kwa miezi michache kuwafundisha wengine, akastaafu. Ripoti yangu ya pili ilimrudishia jina, mkono haikuurudisha. Nisikudanganye kwamba nilitengeneza kila kitu.

Machujio mapya ya mchoro wa Mutiso yalipofungwa, Mzee alinipigia simu niende. Nilikwenda kwa likizo yangu mwenyewe. Magugu yalikuwa yamejaa mpaka gatini, kijani kitupu, na maua yake ya zambarau. Nilivuka ule ubao nimevaa suruali na viatu vya kazi, kama kuna aliyecheka sikumsikia. Mzee hakuweza kushuka ngazi ya chumba cha injini kwa mkono ule. Alikaa juu, kwenye ukingo wa tundu la kushukia, akaning'iniza miguu.

"Mimi siwezi tena kushuka," akasema. "Shuka wewe, uniambie unachokiona."

Nikashuka. Kulikuwa na joto, giza kidogo, na kelele ya injini. Nikawa nampigia kelele, joto liko hapa, chujio la kwanza limejaa nusu, nimegeuza la pili, maji yanapita. Yeye anauliza, mimi najibu. Kisha akauliza juu ya mtikisiko fulani aliokuwa anausikia miguuni kule juu. Nikasikiliza. Nikagusa bomba, nikagusa kitako cha injini.

"Hilo sijui, mzee!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema, "tafuta taratibu. Mimi sina pa kwenda."

Tukatafuta karibu saa nzima, mimi chini na yeye juu, mpaka tukapata bolti moja iliyolegea. Katika miaka yote ya kazi ile, mwanangu, sijawahi kuwa na mtu karibu kama nilivyokuwa naye saa ile, na hata nyuso hatukuwa tunaonana.

Sikumwona tena. Baadaye nilirudishwa safarini chini ya meneja mwingine, na siku alipozikwa nilikuwa Tanga kwenye gati. Habari zilinifikia wiki tatu baadaye. Nilifunga mlango wa chumba cha wageni nikakaa kitandani, na hapakuwa na mtu katika mji ule wote ambaye ningemwambia jina lake akamjua.

Mama naye ameshatangulia, na Fundi Mutiso. Mimi nipo hapa ghorofa ya sita, dirisha langu linatazamana na dirisha la mtu mwingine ambaye hafungui pazia. Nasikia vijiko vyao, nasikia watoto wakikaripiwa, najua nani kapika omena. Sikuolewa, na majirani wanasema ni kazi ilinikula. Si kazi. Ni ule mtindo niliojifunza ujanani wa kufunga mlango kabla mtu hajaukaribia. Kazini niliuacha baada ya Mzee Okumu. Nyumbani nilichelewa kuuacha.

Basi nikuambie wazi, nisikuachie kazi ya kubahatisha. Kazi yako itakupeleka mbali na watu, na upweke wake ni wa kweli. Usiuone aibu, lakini usiufanye nyumba. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui siku hiyohiyo, mtu akiwa bado kwenye simu, maana kesho yake jibu lako litakuwa limeshafungwa ndani ya injini ya mtu. Shuka chini uone kwa macho yako, hata kama kule juu kuna wanaocheka. Mtafute yule anayejua, aliyekaa nyuma ya mlango ambao hakuna anayeubisha, na umuulize kwa heshima. Na usimwandike mtu kwa maneno ambayo huwezi kumsomea yeye mwenyewe, sebuleni kwenu, mama yako akisikiliza. Ukishamkosea, nenda upesi. Mimi nilirudi kutoka kituoni na tikiti mkononi, na aliyekuja ni mzee mgonjwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde nchi kavu na majini. Akupe mikono mizima na wenzako mikono mizima. Akupe akili ya kazi na ulimi usioona haya kuuliza. Na kila jioni, katika kila mji utakaofika, akujalie mtu wa kukuuliza umeshindaje, nawe uwe na moyo wa kumjibu ukweli. Amina.